Duka la Vinywaji la Su-kim

Siku A-kun alipomwona Su-kim kwa mara ya kwanza, gari la taka lilisubiri kikombe kimoja.

Si kawaida. Gari la taka mjini Tainan, kusini mwa Taiwan, halimsubiri mtu. Jioni linaingia kichochoroni likipiga muziki wake uleule, na watu wanatoka mbio, huyu na kandambili zisizofanana, yule na mtoto kiunoni, kila mmoja na mifuko yake mkononi. Hakuna kuegesha mfuko ukutani ukaenda zako. Unasimama na taka zako, jirani anasimama na zake, mnaonana, na gari likifika unarusha mwenyewe. Nyuma ya gari kubwa huja la pili, dogo, la kukusanya chupa, makopo, karatasi, vikombe na mabaki ya chakula. Juu ya hilo dogo ndiko alikosimama A-kun, siku yake ya kwanza katika njia ile, mwanamume aliyekaribia miaka hamsini, mwenye glavu za mpira na maneno machache.

Mwanamke mmoja alikuja akisukuma kiti cha magurudumu. Juu ya kiti alikaa mama yake, mkongwe mwembamba kama mti wa ufagio, amekumbatia kikombe cha chai ya boga jeupe, mrija mdomoni. Mwanamke alikuwa ameshatoa chupa na makopo yake. Kilichobaki ni kikombe kile.

"Mama, nipe nitupe. Gari linaondoka."

"Haijaisha."

"Imeisha, mama. Unavuta hewa tu. Sikiliza inavyolia."

"Na hewa yake tamu."

Watu wakacheka. Hui, aliyekuwa akipokea mifuko kwenye gari kubwa na ambaye hakuwahi kukosa la kusema, akampigia kelele dereva: "Subiri, bosi! Kuna mteja hajamaliza!"

Dereva akasubiri. Mkongwe akavuta mpaka mrija ukakohoa, kisha akamnyooshea A-kun kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi. Kabla A-kun hajakigusa, binti akakinyakua, akakimbilia bomba lililokuwa ukutani, akakisuuza ndani na nje, akarudi nacho kikichuruzika maji.

"Samahani, kaka. Kilikuwa kinanata. Sitaki uchafuke."

Katika miaka yote ya kazi hiyo hakuna mtu aliyewahi kumsuuzia A-kun kikombe. Alitaka kusema asante. Kilichotoka ni "Mm."

Baadaye alimjua kwa jina: Lo Su-kim, fundi wa kurekebisha nguo, mwenye chumba kimoja cha chini, cherehani mlangoni na kioo ukutani. Alikuwa wa rika lake. Hakuolewa. Watu wa kichochoroni walisema amezeeka na uzi mdomoni, na walisema kwa upendo, kwa sababu kila mmoja wao alivaa kitu kilichopita mikononi mwake. Akikutazama mara moja alijua kiuno chako, na akikutazama mara ya pili alijua umenenepa tangu lini. Hakumwambia mtu. Alipanua tu.

Mama yake alikuwa amepoteza kumbukumbu. Hakumjua tena binti yake kwa jina, lakini alijua ladha. Dawa zake alikubali kuzimeza kwa chai ya boga tu, tena iliyotiwa sukari kamili. Kwa hiyo kila siku alasiri Su-kim alikwenda kibanda cha chai pembeni ya barabara, akanunua vikombe viwili, kimoja cha mama na kimoja chake cha chai ya maziwa, vyote sukari kamili. Hakuna aliyeona ajabu. Tainan hata supu ina sukari, na mtu akiomba nusu muuzaji humuuliza kama amehamia Taipei, kwa watu wa mji mkuu wasiojua utamu.

A-kun aliyajua haya bila kumuuliza mtu, kwa kuwa taka hazifichi. Kila jioni Su-kim alileta ndoo ndogo ya mabaki: mashina ya matembele, miiba ya samaki, maganda ya tangawizi, maganda ya mayai. Na vikombe viwili vilivyosuuzwa, kimoja ndani ya kingine, mirija pembeni. Aliona nyumba yenye watu wawili wanaokula vizuri, naye aliyekula wali baridi peke yake jikoni kwa kaka yake alifurahi kuvipokea.

Majira ya baridi yaliyofuata, kabla ya mwaka mpya, karatasi nyeupe ya msiba ikabandikwa mlangoni. Kiti cha magurudumu hakikuonekana tena.

Vikombe viliendelea kuja viwili.

A-kun alidhani ni mazoea ya mkono, kama mtu anavyoendelea kuandaa jozi mbili za vijiti mezani. Lakini ndoo ndiyo iliyomtia wasiwasi. Kwanza ilikuja na majani machache. Kisha ikaja na mkate ulioota ukungu. Kisha haikuja. Vikombe vikawa vinne, vikawa mfuko. Havikusuuzwa tena, maziwa yameganda chini, vile vidonge vyeusi vya muhogo vinavyotiwa kwenye chai ya maziwa vimeshikamana kama macho ya samaki. Su-kim mwenyewe alianza kutoka wa mwisho, wenzake wameshageuka kurudi ndani, mfuko ndani ya mfuko, wa nje mweusi. Nywele zilifungwa kwa kipande cha lastiki ya cherehani. Aliupandisha ule mfuko bila kuinua uso.

"Usiangalie, kaka. Chukua tu."

"Mm," alisema A-kun, akachukua, akatazama juu kwenye nyaya za umeme mpaka alipoondoka.

Ikawa hivyo mpaka jioni moja ya mwezi wa sita, mfuko mweusi ulipopasuka.

Ulipasuka katikati ya kichochoro, watu wote wakiwepo, kwa kuwa siku hiyo mvua ilikuwa imechelewesha magari na kila mtu alikuwa bado amesimama. Vikombe vikatapakaa. Vingine vilibingirika mpaka miguuni kwa Bibi Au wa nyumba ya mkabala, bibi mnene aliyejua habari za kila mlango. Muziki tu wa gari, na Su-kim amesimama na kipande cha mfuko mkononi.

A-kun aliona lazima mtu aseme neno. Alikumbuka jioni ile ya mkongwe na mrija wake, jinsi Hui alivyosema maneno machache na kichochoro kizima kikawa chepesi. Hakuwahi kufanya mzaha mbele za watu maisha yake yote. Akasema, tena kwa sauti kuliko alivyokusudia:

"Dada, umefungua duka la vinywaji?"

Watu walilipuka kwa kicheko. Bibi Au alishika kizingiti asianguke. "A-kun kaongea! Kumbe ana ulimi!"

"Duka gani hilo," Hui akadakia toka gari kubwa, "mteja mmoja tu, naye ndiye mwenye duka!"

Wakacheka tena, na A-kun akasikia joto zuri kifuani, joto la mtu aliyekubaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka kwa sababu yake na si juu yake. Kisha akamtazama Su-kim.

Alikuwa amepiga magoti kwenye maji. Anaokota kikombe kimoja kimoja na kukiweka kwenye pindo la sketi yake, masikio mekundu kama yaliyochapwa. "Samahani," alikuwa akisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Samahani. Samahani." Vikombe havikuenea kwenye pindo. Alivyovipata aliondoka navyo, hakumpa A-kun hata kimoja.

Siku iliyofuata hakutoka. Wala ile nyingine.

Mlango wake wa chuma ulibaki umeshushwa nusu. A-kun kila akifika pale alichelewesha mikono, akapanga upya makopo yaliyokwisha kupangwa. Muziki wa gari, aliousikia miaka mingi mpaka akaacha kuusikia, sasa ulikuwa ukianza tu uso unamchoma. Mwezi ukapita hivyo. Mwishowe alimuuliza Bibi Au, akijifanya kushughulika na chupa.

"Yule dada wa cherehani... kasafiri?"

"Asafiri aende wapi? Yumo humohumo. Msichana wa kibandani anamletea chai kwa pikipiki, anatundika mfuko kwenye kitasa, anaondoka. Asubuhi, mchana, jioni. Mimi nakaa hapa, naona."

"Na taka zake?"

Bibi Au akatazama mlango wa chuma, akatazama gari. "Ndilo ninalojiuliza," akasema.

A-kun hakuhitaji kujiuliza. Alijua nyumba isiyotoa kitu inakuwaje ndani. Hui alipomrushia chupa ya chai tamu, kama alivyomrushia kila siku wakimaliza mtaa ule, A-kun alifungua, akapiga funda, akashindwa kumeza. Akaitema barabarani.

"Vipi, imechacha?" Hui aliuliza.

"Hapana."

"Basi unanitukana mimi mnunuzi."

Jumatano magari hayapiti. Jumatano moja mwezi wa nane A-kun alikunja suruali yake ya kazi, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kichochoroni kwa miguu. Njiani alirudiarudia maneno: Dada, nisamehe kwa yale niliyosema. Alifika mlangoni akapita. Akarudi, akapita tena. Safari ya tatu aliinama, akaita kupitia ule uwazi wa chini.

"Dada. Nina suruali."

Sauti ikatoka ndani: "Nimefunga."

"Ni ndefu."

"Mpelekee fundi wa sokoni."

"Yule... simjui."

Hata yeye alisikia ujinga wa jibu lile. Lakini mlango ulipanda kidogo, kiasi cha mtu kupita ameinama. "Ingia upesi. Mbu."

Ndani kulikuwa na joto la kufungiwa na harufu ya maziwa yaliyochachuka. Sisimizi walikuwa na barabara yao toka mguu wa meza mpaka nyuma ya pazia ambako zamani wateja walijaribia nguo. Sasa asingeenea mtoto. Magunia yamepandana mpaka usawa wa kichwa. Juu ya cherehani lilining'inia koti la bwana harusi, limefumuliwa mabega. Su-kim alikuwa amevimba uso na kukonda mikono. Alifuata macho ya A-kun mpaka kwenye pazia.

"Usiangalie, kaka."

A-kun akatazama vidole vyake vya miguu.

Su-kim alichukua suruali, akamwambia asimame wima, akaipima kiunoni mwake na kuiacha ishuke. Akautundika utepe wa kupimia shingoni.

"Hii suruali si ndefu."

A-kun akaangalia pindo.

"Hata kidogo. Imekukaa sawa tangu walipokupa. Nimekuona nayo zaidi ya mwaka."

Maneno aliyoyapanga yalikuwa yametoweka, yote, kama maji kwenye mchanga. Alitafuta hata moja. "Ile siku," akasema.

"Ile siku," akasema Su-kim.

"Sikukusudia."

"Najua. Ulisema kweli tu. Ungesema uongo ningekujibu."

A-kun aliona afadhali angepigwa kofi. Alisimama pale, mikono haina kazi, na mikono isiyo na kazi ilikuwa kitu asichokiweza. Akauliza, "Kuna bomba?"

"La nini?"

Hakusubiri aelekezwe. Alivuta gunia la mbele, akalikokota mpaka uani, akapata kigoda, akaketi, akaanza kusuuza.

"Kaka, acha! Acha, tafadhali. Unanitia aibu."

"Ndiyo kazi yangu."

"Leo si siku ya kazi yako."

"Basi najifunza."

Su-kim alitoa sauti ndogo puani, si kicheko, lakini ilikuwa jirani yake. Akasimama mlangoni mwa ua kwa muda mrefu. Halafu akaleta kigoda cha pili, akaketi ubavuni mwake, akaanza kuchomoa mirija na kubandua vifuniko. Hawakutazamana. Maji yalikuwa yakipiga kelele, na pengine ndiyo maana aliweza kusema.

"Mama alipokufa niliendelea kununua viwili. Nilikuwa naona haya kuagiza kimoja. Yule msichana angeniuliza. Basi cha mama nakunywa mwanzo, changu baadaye. Halafu nikaona kupika chakula cha mtu mmoja ni kazi bure. Unakata matembele ya nani? Chai imeshaletwa, tumbo limejaa, shauri limekwisha."

A-kun akasuuza.

"Unajua inakuwaje? Ukinywa, ni kama mtu kakuwashia taa. Unashona, unaimba hata. Kitambo kidogo anaizima, na giza linakuwa zito kuliko la kwanza. Mikono inatetemeka, huoni tundu la sindano, kila kitu kinaliza. Unaagiza kingine. Usiku macho makavu mpaka jogoo wa Bibi Au. Lile koti umeliona? La mtoto wa watu anaoa. Nimeweka mkono wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, mimi, niliyeshona tangu nina miaka kumi na mitano. Hakuvaa. Alikodi." Akavuta pumzi. "Asubuhi nyingine nashika mlango niupandishe, sioni sababu. Nasimama tu na mkono kwenye chuma."

A-kun alifunga bomba. "Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nini? Kwamba chai ya maziwa imenishinda? Mtu akishindwa na pombe watu wanajua la kusema, wanamhurumia. Mimi watanicheka."

Akabandua kifuniko.

"Walicheka."

Tone moja moja lilianguka toka bombani. A-kun aliona uso wake unawaka mpaka shingoni. Ndani yake kulikuwa na jambo ambalo nyumbani kwao lilifungiwa kama hati ya shamba, na sasa alilitoa, vibaya, vipandevipande.

"Kaka yangu naye... hakuweza kuamka kitandani. Mwaka mzima. Kuna daktari kituo cha afya, kile cha nyuma ya soko. Wa mambo hayo. Alikwenda. Sasa anafanya kazi. Hatukuwahi kumwambia mtu."

"Kwa nini?"

"Aibu."

Su-kim kwa mara ya kwanza akamtazama. "Nikitoka nitapita mbele ya Bibi Au. Ataniuliza. Na haya magunia je? Nikiyatoa mtaa mzima utahesabu."

"Magunia niachie mimi," alisema A-kun.

Jumapili, siku nyingine ya kupumzika magari, alikuja na pikipiki. Alifunga gunia moja nyuma, moja likakaa kati ya miguu yake, la tatu akalining'iniza kwenye mpini. Hakuwa ametoka hatua kumi Bibi Au akainuka kwenye kiti chake cha plastiki.

"A-kun! Leo si siku ya gari. Vya nani vyote hivyo?"

Angeweza kunyamaza. Amenyamaza maisha yake yote na hakuna aliyemshangaa. "Vyangu," akasema.

"Vyako? Vinatoka kwa Su-kim?"

"Niliviweka kwake. Kwangu hakuna nafasi."

Bibi Au alimtazama A-kun, akatazama magunia, kisha kicheko kikampanda toka tumboni. "Kumbe wewe ndiye mwenye duka la vinywaji! Jamani, tokeni mwone! Ndiyo maana alilijua jina lake!"

Wakatoka. Mmoja akaita, "Bosi, niletee kimoja, barafu kidogo!" Mwingine akauliza kama anaajiri. A-kun alikaa juu ya pikipiki, gunia limembana kifua, na sasa alijua mzaha ule unavyokuwa ukiwa ndani yake: jinsi maneno yanavyopita masikioni yakashuka mpaka magotini, jinsi unavyotabasamu bila kutaka. Nyuma ya mlango wa chuma hakukusikika kitu. Lakini alijua Su-kim yupo pale, karibu, anasikia yote.

Alipeleka mzigo ule kituo cha kukusanyia, akarudi kuchukua mwingine. Wakacheka. Akarudi tena. Safari hiyo Bibi Au hakucheka. Hakuwa mjinga. Alikaa akitazama magunia yanavyotoka, gunia baada ya gunia, akatazama mlango ulioshushwa nusu, na mdomo wake ukalegea taratibu. A-kun alipompita alisema, kwa sauti ya chini isiyo yake, "Kaza kamba ya nyuma. Utaangusha."

Kesho yake kazini Hui alimpokea kwa saluti. "Nasikia una kampuni."

"Ndiyo," alisema A-kun, akavaa glavu zake.

Jumatano iliyofuata alikwenda kuchukua suruali yake. Mlango ulikuwa umepandishwa mpaka usawa wa kifua, na Su-kim alikuwa ameshamwona daktari. Alimsimulia akiwa anakunja suruali ambayo hakuwa ameigusa kwa sindano.

"Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza, akaniuliza nalalaje, nakula nini, nimefiwa na nani. Nikamuuliza, daktari, ni sukari iliyoniharibu akili au ni msiba? Akasema hawezi kuvitenganisha hivyo. Mtu mwenye huzuni anavutwa na tamu, na tamu nyingi bila chakula inaharibu usingizi na kuitikisa damu, na huzuni inazidi. Mimi nikamwambia, kumbe kama cherehani ya mama ya kukanyaga. Mguu unasukuma gurudumu, gurudumu linanyanyua mguu. Akasema hasa. Kanipa dawa, na kila wiki nakwenda kuzungumza na mama mmoja pale. Na yai asubuhi. Yai, kaka! Nimekwenda kulia mbele ya daktari nikaandikiwa yai."

A-kun akacheka, kisha akaogopa kwamba amecheka. Su-kim alimwacha acheke.

"Kasema nisikate kwa siku moja. Nilijaribu, kichwa kilinipasuka, nikamfokea mteja wa zipu. Basi nimekwenda kibandani mwenyewe. Msichana kaniona kwa mbali, kashaanza kumimina. Nikasema, hapana, nusu sukari. Akanitazama. 'Dada, umehamia Taipei?' Watu wote kwenye foleni wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze."

"Ukafanyaje?"

"Nikasema ndiyo, nimehama." Akampa suruali. Kisha, uso ukielekea kwenye cherehani: "Jana vikombe vilikuwa vitano. Nilikuwa nimekusudia nisikuambie."

A-kun alitafuta neno la kumpa mtu anayesema jambo kama lile. "Mm," akasema, na akatumaini limetosha.

Su-kim hakutoka kulipokea gari mwezi ule, wala uliofuata. Vikombe alivipeleka A-kun kwa pikipiki Jumatano, na kila mara vilikuwa vingi kidogo kuliko alivyotarajia au vichache kidogo. Msamaha aliotaka kuuomba aliubeba kwenda na kurudi. Kila alipofungua mdomo aliuona unafanana na mzaha ule, mkubwa mno, wa ghafla mno, wa kujipendeza mwenyewe.

Mwishoni mwa vuli wakubwa wake walipanga njia upya. Kuanzia Jumatatu angekwenda upande wa bandari, na mtu mwingine angesimama juu ya gari dogo la kichochoro kile. Jumamosi ilikuwa jioni yake ya mwisho pale. Alikuwa amekata shauri kumwambia Su-kim siku hiyohiyo, baada ya kazi, hayo na yale mengine.

Gari liliingia likipiga muziki. Watu walitoka na mifuko yao. Bibi Au alisimama mahali pake. Ndipo mlango wa chuma ukapanda mpaka juu kabisa, kwa kelele, na Su-kim akatoka akiwa na ndoo mkono mmoja na mfuko mwangavu mkono wa pili. Si mweusi. Vikombe vilionekana ndani yake hata kwa mtu aliyekuwa mbali.

Watu walimpisha. Mazungumzo yalipungua, yakaisha. Hui alikuwa na mfuko wa mtu mkononi, akasahau kuurusha. Su-kim alikuja polepole, masikio mekundu vilevile kama jioni ile ya mvua, lakini uso hakuuinamisha. Alimpandishia A-kun ndoo. Ndani kulikuwa na mashina ya matembele, miiba ya samaki na ganda la yai. Kisha akampandishia mfuko. Vikombe vitatu, kimoja ndani ya kingine, vimesuuzwa, mirija pembeni.

A-kun alivipokea kwa mikono miwili. Dada, nisamehe, alitaka kusema. Jumatatu sitakuwepo, alitaka kusema. Dereva alikuwa akimtazama kwenye kioo, na kichochoro kizima kilikuwa kikisubiri.

Su-kim ndiye aliyesema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Bibi Au na kwa Hui na kwa dereva:

"Samahani, kaka. Duka langu siku hizi halina wateja."